Maswali ya Wasomaji: Manjano inayopauka, nyeusi inayokula katani, na nili isiyogeuka

Barua za mwezi huu karibu zote ni za wafumaji na wasusi wanaotia rangi za miti na majani. Vipimo tunavyotaja, isipokuwa vya pipa la nili na pale tuliposema vingine, ni vya kilo 1 ya uzi, katani au ukindu uliopimwa ukiwa mkavu, kabla haujaguswa na maji. Mwenye nusu kilo agawe kila kitu kwa mbili isipokuwa muda.

Shikamooni. Nafuma mitandio ya pamba kwenye mtambo wa mkono, na uzi nautia manjano ya jikoni. Ukitoka sufuriani unawaka. Lakini mitandio niliyotundika dukani imepauka kwa wiki tatu tu, na upande ulioelekea mlangoni umekuwa kama haujawahi kuona rangi. Nimetia chumvi, nimetia siki, hali ni ile ile. Nimekosea wapi?
*Mama mfumaji, Tanga*

Marahaba mama. Kipimo hukukosea, ulikosea mmea. Manjano huingia kwenye pamba upesi bila dawa yoyote, na hapo ndipo inapowadanganya watu. Adui yake ni mwanga. Chumvi na siki haziigusi kabisa shida hiyo, na hata shabu, dawa ya kushikisha rangi, huchelewesha tu. Itumie kwenye bitana au mfuko wa ndani, mahali pasipoona jua.

Njano ya kukaa utaipata kwenye maganda ya komamanga, na ukitaka iende kwenye dhahabu, uongeze maganda ya vitunguu vyekundu. Ila pamba haishiki rangi hizo mpaka itayarishwe, na kazi ya matayarisho ni siku tatu. Wengi huiruka, halafu lawama humwangukia kitunguu.

Siku ya kwanza ni ya kuosha. Uzi wa dukani una nta yake ya asili, na mara nyingi wanga wa kiwandani juu yake. Chukua maji lita 25, soda ya kufulia gramu 20 na kijiko cha sabuni ya maji, uchemshe uzi kwa saa moja na nusu. Kama unatumia magadi ya mawe, pima gramu 30, yayeyushe, yaache yatuame, uchuje. Usishangae maji yakitoka na rangi ya chai. Suuza, kausha, kisha dondoshea uzi tone moja la maji. Likizama papo hapo, uko tayari. Likikaa juu kama shanga, rudia, kwa kuwa hapo ndipo mabaka yote yanapozaliwa.

Siku ya pili, chemsha gramu 250 za maganda makavu ya komamanga kwa dakika 45, chuja, ongeza maji mpaka uzi uogelee, uulaze humo usiku kucha. Tanini ya maganda, ule ukakasi wake, ndiyo itakayoikamata shabu. Pamba peke yake huishika shabu kwa shida, tofauti na sufu au hariri.

Siku ya tatu, yeyusha gramu 150 za shabu kwenye maji ya moto, na gramu 20 za soda ile ile kwenye chombo kingine. Mimina soda kwenye shabu kidogo kidogo, maana itafura povu na kumwagika usipokuwa na ndoo kubwa. Povu likitulia, ongeza maji ya uvuguvugu, zamisha uzi, uache saa nane mpaka kumi na mbili. Suuza mara moja tu.

Uzi huo tayari ni wa njano. Kwa dhahabu, chemsha gramu 700 za maganda ya vitunguu kwa saa moja, chuja vizuri (ganda likibaki kwenye uzi huacha doa la kahawia), kisha uzi ukae humo saa moja kwenye moto mdogo. Maji yatetemeke, yasitokote. Rangi ya kitunguu nayo hufifia, lakini kwa miezi mingi, na inapofifia inakuachia njano ya komamanga chini yake. Mteja haoni aibu.

Hamjambo. Sisi ni kikundi cha kina mama wa mikeka. Tukipika ukindu na magome ya mkandaa, fungu moja linatoka jekundu na jingine la madoa, na wakati wa kusuka miaa inakatika. Zamani ilikuwa haikatiki hivi.
*Kikundi cha mikeka, Pemba*

Hatujambo, na tunakupeni pole, kwa sababu hizo ni shida mbili zilizokuja pamoja.

Madoa yanatokana na mafungu makubwa. Fungu lisizidi unene wa kifundo cha mkono, lifungwe sehemu moja tu, karibu na shina, tena fundo liwe legevu kiasi cha kupita kidole. Mnapokaza kamba, pale chini ya kamba rangi haifiki. Halafu ukindu mkavu usitumbukizwe kwenye rangi moja kwa moja: uloweke kwanza kwenye maji matupu saa mbili. Jani lina utelezi wa nta juu yake, na likiingia kavu, sehemu zilizolowa kwanza hunywa rangi na nyingine hubaki nyuma.

Kukatika kuna sababu zake. Ya kwanza ni kuchemsha kwa muda mrefu mkidhani rangi itakolea. Nusu saa ya moto inatosha. Baada ya hapo ondoeni sufuria motoni na ukindu ulale humo mpaka asubuhi, ukolee ukiwa unapoa. Ya pili ni kuukausha juani baada ya kutia rangi, na kuuanika kivulini huchukua siku mbili tu. Ya tatu ni kuvuna jani lililokwisha kufunguka. Ukindu wa mkeka ni ule wa ncha, ulio bado umefumba. Chukueni ncha moja kwa kila shina na muuache moyo wenyewe, kwa sababu shina likikatwa moyo halichipui tena. Wakati wa kusuka, futeni miaa kwa kitambaa kibichi. Miaa mikavu hukatika hata ikiwa imepikwa vizuri.

Kipimo cha magome ni kilo kwa kilo. Yapondeni, myaloweke siku nzima, myachemshe saa moja, kisha mchuje. Mkitaka wekundu wa kuiva zaidi, ukindu ukitoka kwenye rangi upitisheni dakika tano kwenye maji ya chokaa: kijiko kimoja cha chokaa kwa lita 10, yaliyotuama. Msizidishe, chokaa nayo hukausha jani. Rangi hii ina sifa moja nzuri: jua huikoleza badala ya kuila.

Magome yenyewe msiyabandue kwenye mti uliosimama. Mkandaa ni mkoko, na mikoko ni msitu wa hifadhi ambao ukataji wake unataka kibali, na mti uliobanduliwa gome kuzunguka shina hufa. Ulizeni wanaouza boriti na fito kihalali. Magome yanayobanduliwa pale mara nyingi hutupwa.

Je, choya na bitiruti zinaweza kutia rangi kitambaa? Maji yake ni mekundu sana.
*Mwanafunzi wa sanaa, Morogoro*

Hapana. Wekundu wa choya hugeuka kijivu ukikutana na sabuni, na wa bitiruti hauvumilii moto wala mwanga. Maji kuwa na rangi si dalili kwamba uzi utaishika. Kunyweni tu.

Hamjambo wahariri. Mimi nasuka viondo vya katani na nyeusi naipata kwa misumari yenye kutu. Nyeusi yenyewe ni safi, lakini baada ya mwaka kiondo kinakatika pale pale penye mistari myeusi, na mistari mingine ni mizima. Mteja mmoja amenirudishia vitatu.
*Msusi, Machakos*

Hatujambo. Chuma ndicho kilichoikula katani. Kutu ikikutana na tanini hutoa nyeusi, lakini chuma kinachozidi hubaki kwenye nyuzi na kuendelea kuzila taratibu, hasa zikiwa zimebaki na ukali wa siki ya kuyeyushia kutu. Jaribu hivi: kunja uzi mmoja mweusi na mmoja mweupe kwa kucha, mahali pamoja, mara ishirini. Mweusi ukitoa vumbi na kuachana kabla ya mwenzake, chuma kimezidi.

Kosa la kawaida ni kulaza katani usiku mzima kwenye maji ya kutu, na maji ya kutu hayana kipimo: leo makali, kesho mepesi. Ni salama zaidi kununua salfeti ya chuma kwenye duka la pembejeo na kupima gramu 20, basi. Weusi hauletwi na wingi wa chuma, huletwa na wingi wa tanini. Chemsha kilo 1 ya magome ya mwati, lowesha katani humo usiku kucha, ikamue. Yeyusha gramu 10 za salfeti kwenye maji ya uvuguvugu ya kutosha, zamisha katani dakika kumi huku ukiigeuza, itoe, ipunge hewani. Utaona kijivu cha kukatisha tamaa. Irudishe kwenye maji ya magome saa mbili, kisha kwenye chuma kilichobaki, gramu 10, dakika kumi tena. Mzunguko huo wa pili ndio unaoleta nyeusi.

Usitie maji ya chuma ndani ya sufuria ya magome. Rangi itagandia majini badala ya kwenye nyuzi, ikauke kama masizi na kumchafua mbebaji. Mwisho suuza mpaka maji yawe meupe, kisha loweka nusu saa kwenye maji yenye kijiko cha magadi kwa lita 10 ili kuua ukali uliobaki. Sufuria uliyotilia maji ya chuma iwe ya kazi hiyo milele, kwani chembe kidogo tu huifanya njano ya jirani kuwa ya matope.

Kama bado unataka misumari, maji ya kutu na siki yatumie kwa mapambo ya pembeni tu. Mkanda na kitako, sehemu zinazobeba uzito, vibaki na rangi ya asili ya katani.

Mwenzangu anasema ufumaji wa nguo ulikuja pwani na wageni, sisi tulikuwa na mikeka tu. Ni kweli?
*Msomaji, Mombasa*

Si kweli. Kwenye magofu ya Kilwa wachimbuzi wamekuta vigae vilivyotobolewa katikati, vya kusokotea uzi wa pamba. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo zinazofumwa mjini hapo zikipelekwa mpaka Misri. Na Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, aliandika jambo ambalo mfumaji wa leo atalipenda: Waislamu wa Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, walifuma pamba nyeupe kwa wingi, ila hawakuwa na rangi ya kuitia. Kwa hiyo walinunua nguo za buluu za Cambay, India, wakazifumua uzi kwa uzi, wakaufuma upya pamoja na uzi wao mweupe. Ukikosa nili, njia hiyo bado iko wazi.

Shikamooni. Nimenunua unga wa nili nikafuata maelekezo ya sehemu moja ya nili, mbili za chokaa, tatu za sukari. Siku ya tatu maji bado ni ya buluu, na kitambaa nikikitia kinatoka buluu mpauko inayoshika mikono. Nimeongeza nili mara mbili. Sasa nifanyeje?
*Binti anayeanza, Arusha*

Marahaba. Kwanza acha kuongeza nili. Unachokiona kikishika mikono ni unga uliobandika juu ya nyuzi bila kuingia, na kila unapoongeza unazidisha tope.

Nili haiyeyuki majini. Ili iingie ndani ya uzi lazima inyang'anywe hewa yake na kuyeyuka kwenye maji makali ya chokaa. Ikiwa hivyo si ya buluu tena: ni ya rangi ya asali, au kijani cha njano. Uzi ukitoka nje, hewa huirudisha kuwa buluu ikiwa tayari imenaswa ndani. Kwa hiyo pipa lenye maji ya buluu halijaiva.

Kwa barua yako tunashuku vitu viwili. Umesema "sukari". Uwiano wa 1, 2, 3 ni wa sukari ya matunda. Sukari nyeupe ya chai haina uwezo wa kuinyang'anya nili hewa, hata ukitia gunia. Kama sukari ya matunda haipatikani, tumia ndizi zilizoiva mpaka ganda jeusi, au maembe: ponda kilo 2, chemsha kwa maji lita 3, chuja, na maji hayo ndiyo yawe sukari yako. La pili ni chokaa. Inatakiwa chokaa iliyozimwa, mbichi, iliyofungwa vizuri. Iliyokaa wazi dukani mwaka mzima imekwisha kugeuka chaki, na chaki haina ukali. Koroga kijiko kwenye glasi ya maji. Maji ya chokaa nzima hutelezesha vidole kama sabuni, ya chaki hayatelezeshi. Suuza mkono mara moja, na kazi yote uifanye na glavu, watoto wakiwa mbali. Chokaa ikiingia jichoni si mzaha.

Kwa pipa jipya la lita 20: nili gramu 50, isuguliwe na maji ya moto kidogo mpaka iwe uji usio na chembe. Sukari ya matunda gramu 150 kwenye maji ya moto yasiyochemka, yale ambayo mkono unayavumilia kwa sekunde moja tu. Tia nili, kisha gramu 100 za chokaa kwa kunyunyiza huku ukikoroga polepole kwa duara. Usipige povu, povu ni hewa. Funika. Koroga tena baada ya dakika 15, mara tatu, halafu liache litulie. Kati ya saa moja na usiku mmoja, juu kutakuwa na utando unaong'aa kama shaba, na povu la buluu iliyokoza katikati. Usogeze kwa kijiko. Chini ukiona maji ya rangi ya asali, limeiva.

Kitambaa kilichooshwa na kuloweshwa kiingie taratibu pembeni mwa pipa, kikae dakika tano mpaka kumi bila kugusa tope la chini, kikamuliwe kikiwa bado chini ya maji. Kikitoka ni kijani kama tango, na ndani ya dakika moja buluu huanza kutambaa kutoka kingoni kuelekea katikati. Kitundike dakika 20, kisha kirudishe. Majosho matano mepesi yanashinda josho moja zito: hayo hushika, hilo hubanduka. Mwishoni suuza, loweka kwenye maji lita 10 yenye kikombe cha siki ili kuondoa chokaa, kisha fua kwa sabuni na maji ya moto. Buluu itakayotoka hapo iache itoke.

Pipa lako la sasa usilimwage. Lipashe moto kidogo, ongeza maji ya ndizi kama lita 1 na chokaa mbichi vijiko viwili, ufunike mpaka kesho. Siku za baadaye, maji yakirudi kuwa buluu, linataka sukari na joto. Yakiwa ya asali lakini rangi haishiki, linataka chokaa.

Wanaouliza kama wapande mnili wao wenyewe: inawezekana, mnili humea vizuri kwetu. Lakini kilo nzima ya majani mabichi hutoa gramu chache tu za unga. Pigeni hesabu kabla ya kulima.

Nguo yangu inaanza na upana wa sentimita 60 na kuishia 54, na nyuzi za mtande (zile za urefu) za pembeni zinakatika. Hutokea zaidi nikitumia uzi niliotia rangi mwenyewe.
*Mfumaji, Dar es Salaam*

Unauvuta mshindio, yaani uzi unaokatiza upana. Ukiupitisha ulale wa mshazari au upinde kidogo kama kilima, ndipo uugonge. Uzi wa mshindio hupanda na kushuka juu ya kila uzi wa mtande, hivyo unahitaji urefu zaidi ya upana wa nguo. Ukiupitisha umenyooka, unajitafutia urefu huo kwa kuzivuta pindo ndani, na nyuzi za pembeni zinasagika kwenye kitana mpaka zinakatika.

Uzi wa rangi za asili hukwaruza zaidi kwa sababu tanini na shabu huufanya mkavu, na kuchemshwa kumeondoa nta yake. Kwa hiyo mtande wako utie wanga kabla ya kuutanda: gramu 50 za unga wa mhogo kwenye maji lita 5, upikwe mpaka uwe uji mwembamba unaopita kwenye chujio. Zamisha shada la uzi, likamue, litundike likiwa limevutwa na kitu kizito, na ulipigepige likikauka ili nyuzi zisigandane. Wanga utatoka kwenye ufuaji wa kwanza. Na unapotia rangi, funga kila shada sehemu nne kwa fundo legevu la umbo la nane. Shada lisilofungwa hujisokota sufuriani, na ukilifungua nusu yake huishia kwenye takataka.

Assalamu alaykum. Nililetewa mtandio wa njano kutoka nyumbani. Nimeufua, ukawa mwekundu kama kutu! Umeharibika?
*Msomaji, Muscat*

Waalaykumu salaam. Haujaharibika. Huo ulitiwa manjano, na manjano hugeuka mwekundu ikikutana na sabuni ya unga. Kamulia nusu limau kwenye ndoo ya maji, uzamishe, njano itarudi mbele ya macho yako. Baadaye tumia sabuni isiyo kali, maji baridi, na uuanike ndani.